Usubi wa Rehani

Mama aliniachia rehani katika kopo la samli,
dirishani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Nikigusa pazia usubi huinuka udongoni,
mmoja kwenye chai, mmoja puani.

Nikatega siki na sukari kisahanini,
tone la sabuni juu.
Asubuhi nikahesabu: kumi na tisa.
Jioni wakaja jamaa zao, kama kuna matanga.

Mwanahamisi wa chumba cha pili akachovya kidole:
"Tope lote hili! Unamwagilia au unalia?"

Nikanyamaza.
Tangu arubaini, kikombe asubuhi, kikombe usiku.

Sasa nimetandaza mchanga mkavu wa Zigi,
unene wa kidole gumba.
Siku ya tisa sijatia maji.

Amebaki mmoja, anazunguka taa.
Rehani imenyong'onyea kidogo.
Inanukia.