Fremu Tatu, Magurudumu Yaleyale

Fundi Nzioka wa Gikomba hapimi kwa mizani.
Hugonga bomba kwa ukucha, kama mnunuzi wa chungu,
kisha huinamisha sikio.
"Hii ni bubu," asema. "Hii ina neno."

Nilimwomba jambo moja: magurudumu yaleyale,
tandiko lilelile, upepo uleule matairini,
fremu tu ibadilike.
Jumamosi tatu, njia moja,
kupanda Muthaiga hadi kwenye mizizi ya Karura.
Na mkono wangu wa kushoto, uliovunjika mwaka juzi
juu ya alumini ya kuazima,
ndio uliokuwa hakimu.

Ya buluu kwanza. Mabomba manene, kama ya maji ya kaunti;
kuipandisha ngazi ni kuita jirani.
Haidanganyi, lakini haina siri:
kila kokoto hulitaja kwa jina
moja kwa moja mpaka kwenye meno.
Kabla ya kufika mtoni, kifundo kilishatoa hukumu.

Ya kijivu haina nembo. Wameikwangua,
au aliyeichomelea Kariobangi hakuona haja ya kujisifu.
Haikuniumiza. Haikunifurahisha.
Ilinipeleka, ikanirudisha, kama mhasibu.

Halafu nyekundu.
Mabomba membamba, kibonyeo ubavuni kama cha sufuria,
kutu kidogo chini ya tandiko.
Kwenye mzizi wa kwanza nilikaza mkono, nikingoja pigo.
Ilikuja nusu yake tu,
imelainishwa, kama habari mbaya
iliyopitia kwa shangazi kwanza.
Mlimani hutikisa kiuno, ni kweli,
na sehemu ya jasho lako hupotelea humo.
Nilicheka peke yangu msituni.
Mlinzi akanitazama.

Nyekundu ni elfu kumi na nne.
Mfukoni nilikuwa na tisa na mia mbili.
Nzioka hapunguzi bei ya kitu chenye neno.

Basi nimenunua ya kijivu.
Jioni, nyuma ya ploti pale Pangani, niliiegemeza ukutani,
nikabonyeza vali, fss, mbele, kisha nyuma,
nikaijaribu juu ya kabro zilizong'oka,
nikapunguza tena.
Mkono ukanyamaza.

Kesho yake nilimweleza Nzioka.
Alifuta vidole kwa kitambaa chenye grisi, akasema,
"Hilo la upepo ningekuambia siku ya kwanza.
Lakini ungekuja tena Jumamosi?"