Vidole Viwili vya Babu Tauno

Februari, kando ya ziwa Pielinen,
ardhi ilikuwa ngumu kushinda chuma cha reli.
Waliiwashia makaa siku mbili
ndipo ikakubali chepe.
"Hata kuzikwa kwake," akasema shangazi Kerttu,
"mpaka kwanza pawe na joto."
Akacheka, kisha akajiziba mdomo,
maana kicheko kilitaka kugeuka kitu kingine.

Watu wengine huuliza hujambo, umekula.
Yeye aliinama mlangoni
akakubinya vidole vya miguu:
"Pakavu?"
Pakavu, Babu.
"Haya, ingia."

Soksi alizifuma mwenyewe.
Alifundishwa hospitalini, mwaka wa arobaini,
na muuguzi mwenye chongo
aliyechoka kumwona anatazama dari.
Majirani walimcheka: mikono ya kupasua magogo
inahangaika na uzi!
Kisha, mmoja mmoja, wakaleta sufu.
Watoto sita, wajukuu kumi na tisa,
kila mtu jozi yake kila Novemba,
kijivu, mstari mwekundu kisiginoni,
zinawasha kama upupu.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.
Tulivihesabu ndani ya sauna, benchi la chini,
mvuke ukitufumba macho.
Viwili vimekwenda wapi?
"Kuna samaki humu ziwani, meno yake msumeno.
Aliniomba. Nikaona ana njaa kunishinda."
Kiangazi kile chote tuliogelea na viatu.

Medali ilikaa kwenye kopo la vifungo;
tuliizungusha sakafuni kama pia, asiseme neno.
Alichokataza ni kupiga mluzi msituni.

Hakuwa malaika.
Mjomba Ilmari alikaa miaka minane
bila kukanyaga nyumba ile,
kwa sababu ya trekta moja na neno moja.
Soksi zake zilimfikia kila Novemba
kwa posta, bila barua.

Baada ya mazishi, kahawa na mkate wa iliki.
Oskari Pulkka, wa mwisho wa kikosi chao,
kipande cha sukari katikati ya meno,
akauliza kana kwamba anauliza bei ya viazi:
"Mnajua alimvua nani, alimvika nani?
Mateka. Kijana, hata ndevu hana.
Tunasubiri lori usiku kucha, lori haliji.
Tauno akavua soksi zake, akamvalisha.
Asubuhi kijana amekufa vilevile,
na buti la Tauno limeshikana na nyama."
Akanywa.
"Au alikuwa mdogo wangu, si mateka.
Siku hizi nachanganya."

Hakuna aliyejibu.
Chini ya meza nilimwona mjomba Ilmari
akikunja na kukunjua vidole ndani ya kiatu.

Nikirudi nilisimama ufukoni.
Barafu nene, ya kupitisha gari la magogo.
Oskari na aseme, ana haki yake, alikuwapo.
Mimi bado namwamini samaki.
Yumo humo chini, kazeeka sasa,
meno yamepungua,
na vidole viwili tumboni
vinampa joto.