Barua Isiyo na Nembo

Gocha, jana nilituma
barua fupi, ya chuma:
"Hatuchapi." Ukisoma,
usizame Zestaponi.

Ile si maneno yetu:
ya mhariri wa kwetu
aliyekufa; jina tu
ndilo jipya mle ndani.

Hii ni yangu, Mzia,
hupasua, hupekua
bahasha zinazotua
hapa kando ya Rioni.

Riwaya yako nzima
niliisoma na homa,
nikarudia kusoma,
chai barafu mezani.

Lakini milima, Gocha!
Kurasa sitini: kucha,
kuchwa, ukungu, kukucha,
na mtu simwoni ndani.

Hadithi yako yaanza
baba anapotokeza
na glavu moja; awaza,
nyingine i tanuruni.

Anzia hapo. Mengine
fungia, msionane
hata mje mpatane,
pengine huko mwakani.

Usimsomee mama:
hata koma kwake njema.
Nenda kwake anopima
unga, chumvi na sabuni.

Akipiga mwayo, kata
hapo hapo. Akisita
na kikombe cha mafuta,
hapo pana kitu ndani.

"Ghafla" nimezihesabu:
mia na nne! Taabu
yote ya nini? Ajabu
haibishi mlangoni.

Wapo wanaotuita
kwa jina la tunoteta
nao; barua hupita
moja kwa moja kapuni.

Wakija na mkataba,
usilewe kwa mahaba;
soma kifungu cha saba
kwa miwani, kwa makini.

Neno "milele" likate:
miaka saba, si yote;
filamu, redio, vyote
viache kwako nyumbani.

Na hesabu za nakala
omba kila mwaka, wala
usione haya; kula
si dhambi ya kanisani.

Anayedai malipo
ili uchapwe, ni popo:
si ndege, si panya; hapo
funga dirisha chumbani.

Theluji imeshachoka,
maji paani yashuka;
bibi wa jozi kafika
na kapu lake ngazini.

Sasa habari za humu:
karatasi bei sumu,
tumenunuliwa, zamu
yetu yaishia Juni.

Mnunuzi wa Tbilisi:
kwake mashairi basi,
riwaya nene mkosi;
ataka vya darasani.

Na kuna mashine, eti,
isomayo bila kiti,
itakayopima noti
za mswada dakikani.

Je, glavu inapowaka,
pua yake itashtuka?
Sijui. Mimi nashuka
na kikombe mkobani.

Fundi Otia kacheka,
na divai akaweka
juu ya deni la mwaka.
Tukanywa; tufanye nini?

Jaribu dada wawili
wa Batumi, nyumba mbili
toka posta; ni wakali,
ila hawana uhuni.

Husoma mwezi wa kumi,
kurasa tatu, si kumi;
picha yako haivumi
kwao; wauliza fani.

Ukingoja posta, anza
kingine. Kulichunguza
sanduku lililooza
huleta kutu rohoni.

Zamu yako ya usiku
ishike; unga wa siku
hauletwi na shauku.
Andika alfajirini.

Mswada unarejea.
Kurasa zimepungua
mmoja: nauchukua
ule wa glavu, jikoni.

Nimeubandika pale
juu ya kalenda ile
waliyotupa. Nilale
nao ukiwa machoni.

Kikichapwa, uje kwangu
kuudai. Jina langu
usitie; wizi wangu
ubaki siri, jamani.