Daftari la Vipimo

Jumamosi, Rochdale, kilabu cha watu wa kiwanda cha pamba:
Wilfred Entwistle aliingia na matiti ya maputo,
akajikwaa kusudi, moja likapasuka,
baba akacheka hadi bia ikamtoka puani.

Nilimpenda. Niliuigiza mwendo wake mbele ya kioo.
Ukubwani nikamchukia:
tuliokuwa tukiwacheka ni mama zetu,
makalio yao, makelele yao,
uchovu wao uliopakwa rangi ya mdomo.
Nikayasema hayo mezani.
Mama, aliyemshonea miaka yote,
akaendelea kumenya viazi.

Leo nimelifungua daftari lake.
Kifua, kiuno, bega. Gauni la jukwaani, shanga, maputo mawili.
Kisha, kurasa za mwisho, penseli imefifia:
sketi ya kijivu, ya kawaida. Mifuko miwili.
Blauzi ya kwendea sokoni. Asibanwe kwapani.
Na juu, "Bw." imefutwa kwa raba
karatasi nusura itoboke:
"Bi. Entwistle."

Maputo yale bado yananiudhi, sitayatetea.
Lakini sketi ile
hakuna aliyeicheka, sijui kama kuna aliyeiona.
Mifuko miwili.
Alitaka pa kuweka mikono.