Ghala la Eliamani

Miaka thelathini na mmoja nilipokea kahawa kiwandani,
nikaipima unyevu, nikaipa daraja, nikaandika namba ya gunia.
Najua vitu vinavyooza kimyakimya:
uozo huanzia sakafuni,
ukapanda taratibu kama deni.

Kwa hiyo picha zako, Eliamani, sikuzilaza chini.
Nimechongesha chaga mbili kwa fundi wa Kiboriloni,
miguu nimeipaka oili chafu, mchwa wapite mbali,
nikaziachia nafasi ya kiganja kutoka ukutani.
Masika haya mto Rau umeingia hadi kwa jirani
wala tone halijazigusa.

Mia moja na kumi na nne.
Nyingine umechora nyuma ya kalenda za ushirika,
nyingine nyuma ya mitihani ya darasa la tano;
ukimgeuza kuku wako mwekundu
unakutana na mtoto aliyekosea kugawanya.

Nilijaribu kuzipa daraja. Nikashindwa.
Mimi huyu, niliyekuwa nauliza tu,
"Na hiyo rangi umenunua shilingi ngapi?"

Aikaruwa kapiga simu toka Mwanza, anaitaka ile ya migomba.
Nderingo anasema tuzipige kwa simu,
zikae huko hewani, mende hawafiki.
Sawa, zipigwe. Ila huko hewani
hakuna mahali ulipofutia kidole.
Wagawane, nimesema, lakini kila itokayo iandikwe daftarini:
tarehe, nani kachukua, ataileta lini wenzake waione.

Moja nimeificha kabatini, chini ya suti yangu.
Ni mimi, nimelala kitini, mdomo wazi,
soksi moja ya bluu, nyingine ya kahawia.
Namba nimeipa, kwa penseli.
Wakija kunitolea ile suti, wataikuta.

Inayoninyima usingizi ni ile ya Kibo.
Theluji hukuipaka. Uliiacha karatasi ibaki ilivyo,
ukanicheka nilipodhani hujamaliza.
Sasa kingoni imeanza kuwa njano.
Nimeifunga kitambaa cha pamba, nimeiweka gizani,
na Jumapili nikitoka ibadani, kabla sijavua viatu,
nafunua upande mmoja
nione theluji imebaki kiasi gani.