Bakajani Wahi

Huku Kwemashai neno ni moja, ukungu:
ule unaoshuka kutoka Magamba saa kumi alfajiri
ukakaa matutani kama mgeni asiyejua kuaga,
na huu mwingine, usioonekana,
ulioingia shambani chini ya mbawa za ule.
Mama husema wa pili ni mtoto wa wa kwanza.
Sijawahi kumbishia.

Nimekuja na kisanduku.
Kina mrija wa kioo, mwembamba kama unyasi,
na mfuko mwepesi wa kulivisha jani,
na betri inayolalamikia baridi.
Nalivisha jani la nyanya, nangoja dakika ishirini,
navuta pumzi yake, naandika:
tuta la saba, mche wa tatu.

Jani halina mdomo, Mama.
Likiumwa hutoa harufu, ndiyo yowe lake.
Jirani zake hulisikia.
Sisi ndio viziwi wa pua.

"Viziwi," akasema. "Unamwambia nani?"

Nilikuwa nimesahau.
Tangu homa ya mwaka juzi
pua yake ni mlango uliopigiliwa misumari.
Yeye aliyenusa maziwa yaliyoharibika akiwa kizingitini,
aliyenusa mvua ingali Mlalo,
sasa maharage yanaungua mbele yake
mpaka moshi umfike machoni.

Kisanduku kikachora mstari.
Ukaenda tambarare kama njia ya Mombo kule chini,
halafu ghafla ukapanda, kona za Soni zote kwa mkupuo.
Nikamwambia: hii ndiyo harufu.
Akaupitishia kidole chenye udongo,
akaacha alama kileleni.

"Na mche uko kijani."
"Uko kijani."
"Na una maua."
"Ing'oe, Mama. Miche kumi na mmoja. Leo."

Kung'oa kinachonyauka, hata mtoto anaweza.
Kung'oa kinachochanua, kwa neno la betri,
hapo inatakiwa imani,
nayo haikuwemo kisandukuni.

Aling'oa. Mmoja mmoja,
akikung'uta mizizi kama anayerudisha deni la udongo.
Kaka yangu Singano akachoma.
Sikuhesabu.

Siku ya sita, nyuma ya banda la mbuzi,
nikakuta ndoo iliyotoboka, na ndani yake mche.
Aliuficha ili anihukumu,
au aliuonea huruma; mpaka leo hajasema.
Jani la chini lilikuwa na doa,
duara ndani ya duara,
kama mtu katupa kijiwe kwenye maji ya kahawia.

Bwana shamba aliuita ugonjwa huu bakajani wahi.
Wahi ni wenyewe.
Sisi miaka yote tumefika matangani.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.
Hakusema umepatia.
Aliuliza: "Siku ile, lilinuka nini?"

Nikatafuta. Nyasi zilizofyekwa? Karibu.
Uyoga chini ya gogo? Hapana.
Shilingi iliyokaa mno kiganjani?
Nikaona nabahatisha.
Sikunusa, Mama.
Nilikiachia kisanduku.

Akainama, akalichuma lile jani,
akalifikicha, akalileta mpaka puani pangu,
mkono wake ukinuka jivu na sabuni ya mche.
"Haya," akasema. "Nambie."