Uzi Wangu Hewani

Mpira ulitoboka,
alasiri ikifika,
watoto wakauweka
mapajani, barazani.

Mimi mshona kofia,
vito nikitobolea;
mipira huniletea
wana wote wa Langoni.

"Bi Somoe, fanya hima,
kesho mechi ya heshima,
Matondoni watahema
tukishuka uwanjani!"

Nikaingiza sindano,
na uzi kati ya meno,
kisha nikaanza neno
la kale, la Ulayani.

"Juu palikuwa ngozi
imeshonwa kwa ujuzi;
mwajua ndani, vijizi,
mlitiwa kitu gani?

Ni kibofu cha nguruwe!"
Wakaruka kama mwewe,
wengine, "Mbio, tunawe!"
wakaenda birikani.

Nikacheka, nikasema,
"Rudini, huu si nyama,
ni wa kiwanda, salama,
pampu imo mkobani.

Na kipa enzi za nyuma
mikono aliituma,
kudaka hakukukoma
hadi mstari katini.

Refa hupungia leso,
amekunja wote uso,
hata rafu ya mateso,
filimbi bado dukani."

"Leso hiyo ina jina?"
kaniuliza Zaina,
peke yake msichana
aliyemo kikosini.

"Zaina, tulia kwanza:
fainali ilianza
kwa ugomvi wa kufunza,
ya Kombe la thelathini.

Ajentina, Urugwai,
kila mtu na madai:
'Huo wenu haufai,
wetu utiwe dimbani!'

Shauri likakatika:
ngwe ya kwanza wakaweka
wa Ajentina, hakika,
wa wenyeji ya mwishoni.

Na wao wa Ajentina
kwa wao walijivuna,
mbili kwa moja, waona?
hadi mapumzikoni.

Kisha ukaja wa pili,
wenyeji wakabadili,
nne zikashinda mbili,
Kombe likawa nyumbani.

Mwaka sitini na sita
Kombe mwizi kalipata,
na mbwa ndiye kalikuta
gazetini, kichakani.

Nami yote nimesoma
kwenye gazeti la nyama,
herufi zikiwa nzima
huzitazama jikoni."

Zaina hakutosheka:
"Je, sisi twaandikika,
au twasahaulika
hata humo gazetini?"

Sindano ikanichoma.
"Wapo, mwana," nikasema,
"Ungereza kina mama
walicheza hadharani.

Watu hamsini elfu
wakafurika kwa safu
kuwaona, si dhaifu,
wengine bado njiani.

Mwaka kabla haujesha
wakubwa wakawatisha,
milango wakafungisha
kwa miaka hamsini.

Wakasema, 'Si mchezo
wa kike, uwe katazo.'
Na huku kwetu, vikwazo
vyatoka humu nyumbani.

Nami nikiwa kigori
nilipiga kwa uzuri;
kaka akatoa siri,
mwisho wangu uwanjani."

Kesho yake wakafika
Matondoni; pakazuka
mzozo: wao wataka
mpira wao dimbani.

Zaina akasimama:
"Vita havitupi jema;
wenu mwanzo, wetu nyuma,
kama mwaka thelathini!"

Ngwe ya kwanza tulilia,
mbili wakatutilia;
ya pili nikasikia
uzi wangu u hewani.

Zaina kambwaga beki,
kipa yu wapi? Hashiki,
punda yupo, habanduki,
amesimama golini.

Shuti likapiga mbavu
za punda yule mvivu;
refa, jasho na uchovu,
kapunga leso angani.

Tukafungwa mbili bila.
Historia ina hila:
haiji kila mahala
sawasawa, kitabuni.

Usiku kaja Zaina,
mshono umeachana:
"Bi Somoe, hebu shona,
kesho Shela, ufukweni."

Nikachukua gazeti,
nikavuta changu kiti,
nikaandika kwa dhati
jina lake pambizoni.